Wasomaji Wanauliza: Kamishna wa Kilimo wa Florida

Habari za kazi, wahariri. Ni Mkongomani, naishi Jacksonville, nimepata uraia wa Marekani na Novemba 2026 napiga kura kwa mara ya kwanza. Kuna nafasi ya kamishna wa kilimo. Mimi silimi, nakaa apatimenti. Nikiiacha wazi kura yangu itaharibika?

Haiharibiki, ndugu yetu. Nafasi nyingine zote zitahesabiwa. Ila tunakusihi usiiache, kwa sababu cheo hicho kina mambo mengi kuliko jina lake. Idara yake ni ya kilimo na huduma za walaji: inakagua mizani za supamaketi, inasimamia mlo wa watoto shuleni, inazima moto wa msituni na kutoa leseni za kubeba bunduki iliyofichwa. Kamishna mwenyewe anaketi na gavana, mwanasheria mkuu na mkuu wa fedha kama bodi ya msamaha kwa waliohukumiwa.

Hata mafuta ya gari lako yanapita kwake. Mkaguzi hufika kituoni na kopo la chuma la galoni 5, karibu lita 19, analijaza kutoka kwenye pampu, kisha anasoma vipimo kwenye shingo ya kopo. Pampu inayopunja kupita kiwango haiachwi iendelee kuuza.

Uzembe wa ofisi hii nao una gharama. Kuanzia 2016 hadi 2017, kwa zaidi ya mwaka, mfumo mmoja wa kuchunguza historia za waombaji wa leseni za bunduki haukutumika kwa sababu mfanyakazi alishindwa kuuingia. Leseni 291 zilifutwa baadaye.

Jisajili kabla ya 5 Oktoba kupita. Baada ya hapo umechelewa.

Ni kweli kura za nafasi hii zilihesabiwa mara tatu mwaka 2018? Msomaji, Mombasa.

Kweli kabisa. Usiku wa uchaguzi Matt Caldwell wa Republican alikuwa mbele. Kura zilizobaki zilipohesabiwa, Nikki Fried wa Democratic akampita. Sheria ya Florida inasema tofauti ikiwa asilimia 0.5 au chini, karatasi zote zinarudishwa mashineni. Ikiwa 0.25 au chini, watu wanakagua kwa macho, na hapo wengi hudhani zinapitiwa zote. Sivyo. Zinatolewa zile tu ambazo mashine imeona alama mbili kwenye nafasi moja, au haikuona alama yoyote. Fried alimaliza na kura 4,032,954, Caldwell 4,026,201. Tofauti ni 6,753.

Kaunti ya Broward ina funzo lake mwaka huo huo. Kinyang'anyiro cha seneti kiliwekwa chini kabisa ya safu ya kushoto, chini ya maelekezo marefu ya lugha tatu. Maelfu wakakiruka, hata kamishna wa kilimo akapigiwa kura nyingi kuliko seneta katika kaunti hiyo. Na kiti hicho cha seneti kiliamuliwa kwa kura 10,033 jimbo zima! Anza kusoma juu ya safu ya kwanza, ushuke mpaka mwisho, kisha geuza karatasi uangalie nyuma.

Kura ya posta hukataliwa kwa nini hasa?

Mara nyingi ni sahihi. Unasaini kwenye bahasha, nayo inalinganishwa na sahihi iliyo kwenye faili lako la usajili. Kama siku hizi unasaini tofauti na ulivyojisajili, peleka sahihi mpya mapema. Bahasha iwe imefika ofisi ya msimamizi wa uchaguzi wa kaunti saa 1 jioni siku ya kura. Muhuri wa posta wa siku hiyo hauiokoi. Sahihi ikikataliwa, una mpaka saa 11 jioni siku ya pili baada ya uchaguzi kupeleka fomu ya kiapo pamoja na nakala ya kitambulisho.

Kwa wanaopigia kituoni: ukikosea usikate wala usiandike juu yake. Rudisha uombe karatasi nyingine; kwa jumla unaruhusiwa 3.