Mlimani au Tunguu

Asalaam alaykum mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nilikuwa barazani nachambua karafuu mamako akasema hebu iweke kwa sauti. Umepata Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kozi ya biashara, na SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa Zanzibar, ualimu wa Kiswahili, sasa uthibitishe ipi, maana ami yako keshasema mtu aitwe Mlimani akatae basi huyo ana wazimu.

Ami yako simlaumu. Kwa rika letu chuo ni Mlimani, kipo tangu 1961, SUZA imeanza kusomesha 2001, kwake bado kitoto. Ila si yeye atakayekaa darasani miaka mitatu.

Nikwambie kitu hujanisikia nikikisema. Mie nilikwenda chuo kikubwa, sikitaji, kwa ajili ya jina tu, kozi mahesabu ya biashara na wala sikuuliza mle wanasoma nini. Ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, mie nipo nyuma kabisa, spika inakoroma, mwalimu namuona kama njugu. Wenzangu walioipenda wakiwahi viti vya mbele tangu alfajiri, mie kila wiki nazidi kurudi nyuma, mwisho nikawa siingii kabisa. Mwaka wa kwanza sapu 4, mitihani ya kurudia, wa pili nikadisko, nikaondoshwa chuo. Niliposhuka bandarini Mkoani, Pemba, na sanduku langu nikangoja giza ndo niingie Wete, watu wasinione. Babu yako hakuuliza kitu, kasema tu "karibu, karafuu zimeiva". Na chuo hakikuwa na kosa, wengi tuliokuwa nao leo mabosi.

Wewe sasa. Msimu uliopita ulikaa pale mkekani na watoto wa jirani, unachambua huku unawasomesha ngeli: konyo hili, makonyo haya, karafuu hii, karafuu hizi, na yule mdogo anayeogopa kusoma skuli akawa anakupigia kelele "mie, mie!" Ulikuwa umechoka toka asubuhi na hukuona kama umechoka. Kwenye biashara sijakuona hivyo hata siku moja, samahani lakini.

Ungepata Kiswahili huko huko Mlimani ningekupandisha boti mwenyewe, wana TATAKI, taasisi yao ya Kiswahili, na si watu wa kubezwa. Hukukipata. Na SUZA si pa kuanguka mtu, ile TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili wanapokuja wageni kusoma lugha yetu siku hizi imo ndani yake.

Ila usiniamini mie wala ami. Hapo kwa shangazi yako panda daladala nenda Tunguu, kwenye kampasi ya SUZA, siku ya masomo, mkamate mwanafunzi wa mwaka wa pili, sio wa kwanza, wa kwanza bado anafurahia kitambulisho. Muulize darasani wapo wangapi, kazi zao mwalimu anazisoma au anatia maksi tu, mazoezi ya kufundisha wanapelekwa skuli gani, na bumu, ile pesa ya mkopo, linachelewa kiasi gani. Kaa mpaka mchana uone kama unajiona pale.

Ukirudi nipigie, usitume voisi. Halafu uthibitishe kwa ile namba uliyotumiwa kabla dirisha halijafungwa, maana wewe kwa kuchelewesha nakujua. Ami yako usimjibu kwenye grupu, Ijumaa baada ya sala nitakaa naye mie.

Babako