Ukucha mweusi baada ya kukimbia

Ndugu yangu, umesema tangu uanze kukimbia alfajiri kutoka mjini Malindi hadi Silversands, ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi na unauma, na jirani kakushauri uung'oe. Usithubutu! Weusi huo ni damu iliyovilia chini ya ukucha, kwa sababu kidole kinagonga ncha ya kiatu kila hatua. Uache tu. Mpya utausukuma pole pole, ingawa wa kidole gumba huweza kuchukua mwaka au zaidi kumea wote.

Raba ndizo za kushukiwa kwanza. Mguu huvimba ukikimbia, tena kwa joto hili letu, kwa hiyo zijaribu jioni ukiwa na soksi zako za mazoezi. Ukisimama, kati ya kidole kirefu kuliko vyote (si lazima kiwe gumba, hebu angalia) na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Muuza mtumba atakuapia zitatanuka. Kwa urefu hazitanuki. Zikiwa kubwa mno nazo, mguu huteleza mbele na taabu ni ile ile. Kaza kamba pale karibu na kifundo.

Kucha zikate fupi, zinyooke, bila kuchimba pembeni. Mchanga ukiingia, simama ukung'ute.

Ukiona usaha, maumivu yakikunyima usingizi, au kama una kisukari, nenda hospitali mapema. Na weusi usiosogea mbele ukucha unapokua, daktari auone.