Jibu: GBS imetoka chanya, nichomwe antibiotiki au niache?

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Uko Texas, wiki ya 37, kipimo cha GBS (bakteria ambaye mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua) kimetoka chanya, na daktari anataka uwekewe penisilini kwenye dripu uchungu ukianza. Wifi yako anasema dawa itamharibia mtoto tumbo. Mchangiaji mmoja hapo juu kasema huo ni mradi wa hospitali za Wazungu, maana dada zake wamezaa Dar watoto saba na hakuna aliyepimwa. Mimi nilikuwa hapo ulipo Februari ya mwaka juzi, mimba ya pili, niko Minneapolis. Si daktari wala nesi, nasimulia yangu tu. Jibu fupi: nilichomwa, na nikishika mimba tena nitachomwa. Ila kukubali ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Vilivyonitoa jasho ni vitu viwili ambavyo hakuna aliyenitajia mapema: aleji niliyoiandika ovyo kwenye fomu, na saa.

Kipimo chenyewe unakijua. Nesi akanipa kijiti chenye pamba, akanielekeza chooni: kidogo mbele, halafu kijiti hichohicho nyuma. Nikamuuliza, hichohicho? Akacheka, ndiyo, hichohicho. Siku tatu baadaye niko foleni dukani, simu ikalia, ujumbe unasema chanya. Sasa sisi tuliokulia nyumbani miaka ya tisini, neno "chanya" lina maana moja tu. Nilirudi nyumbani nikaanza kumtazama baba watoto kwa jicho la pembeni, na yeye nilipomwambia akaanza kunitazama vilevile. Tulilala mzungu wa nne. Kesho yake ndipo mkunga akanieleza kuwa si ugonjwa wa zinaa, hakuna aliyemletea mwenzake. Ni bakteria anayeishi kwenye utumbo, anahamia ukeni, anakuja na kuondoka bila wewe kuhisi kitu. Marekani wanahesabu mjamzito 1 kati ya 4. Kwa sababu anakuja na kuondoka, wanapima wiki ya 36 au 37 na majibu yanaaminika kama wiki tano hivi. Kwa sababu hiyohiyo vidonge vya kumeza mapema havisaidii: unamfukuza leo, uchungu ukifika kesharudi. Akionekana kwenye mkojo ni habari nyingine, hapo unaweza kutibiwa mkojo, na siku ya kujifungua dripu iko palepale.

Kuhusu "mradi wa Wazungu". Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia Dar na sikupimwa, kliniki zetu nyingi hazipimi. Lakini kutopimwa si kutokuwa naye. Utafiti uliofanyika hospitali ya Muhimbili, Dar, uliochapishwa 2009, uliwakuta naye 23% ya wajawazito waliopimwa, na karibu 9% ya vichanga. Kilifi, pwani ya Kenya, walipima wanawake karibu 8,000, wakapata 12%. Kwa hiyo dada zake huyo ndugu huenda mmoja au wawili walikuwa naye, watoto wakatoka salama, kama wengi wanavyotoka. Wale ambao hawakutoka salama wanaandikwa "homa ya kichanga" na maisha yanaendelea.

Na hapa ndipo hesabu inapokuja. Namba nilizopewa ni hizi: ukiwa na GBS usipopewa antibiotiki wakati wa uchungu, mtoto 1 kati ya 200 anaugua. Ukipewa, 1 kati ya 4,000. Wifi yako atakwambia 199 hawapati kitu, na hasemi uongo. Mimi niliigeuza hivi: shule niliyosoma Tanga, mstarini asubuhi tulikuwa zaidi ya mia tatu. Mmoja, labda wawili, mle mstarini. Na ugonjwa wenyewe si mafua. Unaingia kwenye damu, kwenye mapafu, mara nyingine kwenye utando wa ubongo, na mara nyingi ndani ya siku ya kwanza. Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa na watoto 1.8 kwa kila 1,000 wanaougua wiki ya kwanza. 2015 walikuwa wameshuka hadi 0.23. Uingereza hawapimi kila mtu, wanaangalia vihatarishi: uchungu kabla ya wiki ya 37, homa, chupa iliyopasuka muda mrefu, mtoto wa awali aliyewahi kuugua GBS. Wataalamu hawajakubaliana nani apimwe. Kuhusu mwenye chanya mkononi kama wewe, huko nako anapewa dawa.

La tumbo la mtoto wifi yako hajalitunga. Antibiotiki za uchungu zinabadilisha bakteria wazuri wa utumboni mwa kichanga, hilo limepimwa, na huchukua wiki au miezi kujirudi. Nililipa uzito wake. Nikaamua tumbo lililovurugika kwa miezi naweza kuhangaika nalo kwa kunyonyesha. Damu iliyoingia bakteria siwezi kuhangaika nayo jikoni kwangu. Na kweli, wiki mbili baada ya kujifungua mimi nilipata fangasi na mtoto akatoka utando mweupe mdomoni, tukapewa dawa wote wawili, kero tupu. Punje ya kitunguu saumu aliyopendekeza mchangiaji mwingine hapo juu, ya kuweka ukeni usiku: hakuna aliyethibitisha kwamba inamkinga mtoto. Kitunguu saumu nakipenda kwenye pilau.

Sasa aleji. Kwenye fomu ya kliniki kuna mstari unauliza dawa gani hupatani nazo. Nikaandika penisilini, kama nilivyoandika kila fomu tangu nitoke nyumbani. Nilikua nikiambiwa: wewe utotoni ulichomwa PPF, sindano ya penisilini, ukavimba ukajikuna usiku kucha, usiguse penisilini. Basi kwa neno moja hilo mambo yakageuka. Maabara ikabidi wapime kama klindamaisini, antibiotiki mbadala, inamuua bakteria wangu, haikumgusa. Ikabaki dawa nzito zaidi, na daktari akasema kabla ya kufika huko anipeleke kwa mtaalamu wa aleji, kwamba kipimo kinafanyika hata na tumbo la wiki ya 37, na kwamba karibu watu 9 kati ya 10 wanaojiandika hivyo wakipimwa hawana aleji yoyote.

Usiku ule nikampigia mama Tanga. Mama, niambie vizuri, ile sindano ilikuwaje? Akafikiri. "Ulikuwa na malaria. Ukachomwa sindano ya kifua, ukapewa na klorokwini. Ukaanza kujikuna hadi nikakufunga soksi mikononi." Nikamwambia, mama, klorokwini si ndiyo ilikuwa inawasha watu wote mtaani? Kimya kidogo. "Ehee. Lakini baba yako alisema ni sindano." Miaka karibu thelathini, fomu zote hizo, kwa sababu baba alisema.

Kwa mtaalamu walinichoma vidoti kwenye mkono, wakasubiri robo saa, wakachoma vingine ndani ya ngozi, wakasubiri tena, halafu nikamezeshwa amoksilini nikakaa saa nzima nasoma magazeti ya zamani. Hakuna kilichotokea. Wakafuta neno kwenye faili. Wewe hukusema una aleji, lakini kama unayo, ya kweli au ya kusimuliwa, shughulikia wiki hii, usingoje. Na kama kweli uliwahi kuvimba koo au kukosa pumzi, sema hivyo hivyo kwa maneno hayo. Hiyo haipimwi kwa mzaha, na dawa nyingine zipo.

La pili, saa. Penisilini inatakiwa ianze kuingia angalau saa nne kabla mtoto hajatoka, kisha inarudiwa kila baada ya muda huohuo mpaka ujifungue. Nilipomweleza mama kwa simu akaniuliza, "Saa nne ya asubuhi au ya usiku? Na wamejuaje mtoto atatoka saa ngapi?" Tangu siku ile nasema masaa, walimu wa Kiswahili wanisamehe. Masaa manne.

Chupa ilipasuka saa tano usiku. Nilikuwa nimeambiwa wazi: ukiona maji, usisubiri uchungu, njoo. Nilijua, nikakaa. Mara ya kwanza Dar maji yalitoka na mtoto akachukua karibu siku nzima, kwa hiyo kichwani nilikuwa na muda. Nikajiambia labda ni mkojo. Nikaoga. Nikakunja nguo za mkubwa. Saa saba kasoro robo nikapiga simu, nesi akaniuliza GBS yako ilitokaje, nikasema chanya, sauti yake ikabadilika: toka sasa hivi. Kwa kawaida ni dakika 25. Usiku ule theluji ilikuwa inashuka, tukatumia 45. Mshipa ukapatikana mara ya pili. Dawa ikaanza kuingia saa nane na dakika arobaini.

Hakuna aliyenitahadharisha kuwa inachoma. Inapanda mkono kama pilipili imepita kwenye mshipa, hadi kwenye kiwiko. Sema usivumilie kishujaa. Nesi akapunguza kasi ya dripu na kunifungia kitaulo cha moto, ikatulia. Ikiisha wanakuchomoa, kanula, kile kimrija cha mshipani, inabaki mkononi, unatembea unavyotaka. Wale wanaoogopa kufungwa kitandani usiku kucha, si hivyo.

Mtoto akatoka saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Masaa mawili na nusu. Dozi moja tu, ya pili haikuwahi. Daktari wa watoto hakunigombeza. Alisema hata masaa mawili yanapunguza bakteria, ila kwa hesabu zao kinga haikutimia, kwa hiyo tutakaa tumwangalie mtoto hadi masaa 48. Hakupewa dawa yoyote kwa sababu alikuwa mzima, ananyonya, analia vizuri. Kila baada ya masaa kadhaa nesi anakuja, anamfunua, anahesabu pumzi akiangalia saa ya ukutani, anapima joto kwapani. Kila akihesabu na mimi nahesabu kimoyomoyo. Arobaini na nne. Arobaini na nane. Hamsini na mbili, nikashika ukingo wa kitanda, akasema bado iko sawa. Siku mbili za namna hiyo nilijipatia mwenyewe kwa kukunja nguo.

Kwa hiyo dada, leo mwambie mumeo nani analala na mkubwa usiku ukianza, gari ina mafuta, na kwamba neno GBS mnalitaja mlangoni kabla hawajauliza bima. Ukipangiwa upasuaji, na uchungu haujaanza wala chupa haijapasuka, dripu hii ya GBS huihitaji, ingawa ile antibiotiki ya kawaida ya upasuaji utapewa.

Umeuliza pia kama ukishachomwa ndiyo basi. Hapana. Dawa ya uchungu inakinga wiki ya kwanza. Kuna GBS inayokuja baadaye, kuanzia siku ya saba hadi karibu miezi mitatu, hiyo haizuiwi na dripu. Mtoto akilegea, akikataa ziwa, akiguna kila pumzi, akiwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, akibadilika rangi, mkimbize hospitali usiku huohuo na uwaambie mama alikuwa na GBS. Kunyonyesha endelea, wala usimwachishe kwa ajili ya hii. Na kanula waombe wakuwekee mkono usiotumia kulia chakula, maana ukishajifungua njaa yake si ya kawaida.