Frank Grimes na Homer: kichekesho au ukatili?

Mwenzetu ameuliza kama "Homer's Enemy", sehemu ya msimu wa nane wa The Simpsons, katuni ya Marekani kuhusu familia ya Homer Simpson, iliyorushwa Mei 1997, ni kichekesho kweli au ni ukatili uliovishwa katuni. Nimeitazama mara nyingi, na kwangu ni vyote viwili kwa makusudi.

Frank Grimes alitelekezwa na wazazi akiwa na miaka minne, akajisomesha kwa shida hadi akaajiriwa katika mtambo wa nyuklia wa Bwana Burns, na huko anamkuta Homer, mkaguzi wa usalama anayesinzia kazini na kula chakula cha wenzake, lakini mwenye nyumba kubwa, mke, watoto watatu na historia ya kwenda anga za juu. Grimes anaishi kati ya kumbi mbili za mchezo wa kuangusha pini kwa tufe, mmoja juu yake, mwingine chini yake.

Makali ya sehemu hii ni kwamba hakuna neno la Grimes kuhusu Homer lisilo la kweli. Tatizo lake ni kutaka Springfield, mji wa katuni hii, ifuate kanuni za dunia yetu. Anapompiga Homer mkono ili kumwangusha chombo cha asidi aliyokaribia kuinywa, asidi inauharibu ukuta, na ni mshahara wa Grimes unaokatwa. Niliwahi kufanya kazi katika ofisi ambako aliyezuia hasara ndiye aliyeandikiwa barua ya onyo, kwa hiyo hapo nilicheka huku nimeuma meno.

Kisa cha pembeni, Bart, mwana wa Homer, kununua kiwanda kilichotelekezwa kwa dola moja, kimelegea, ingawa mtoto kuokota kiwanda ni tusi jingine kwa Grimes.

Mwisho wake wengi huuchukia. Grimes anamwingiza Homer kwa hila katika shindano la watoto ili aaibike, Homer anashinda na kushangiliwa, naye Grimes anarukwa na akili, anashika nyaya za umeme bila glavu na kufa. Mazishini Homer anasinzia, anamwambia mkewe Marge abadilishe chaneli, na waombolezaji wanacheka. Watunzi wangeweza kutupunguzia uchungu kwa kumpa Homer chozi moja. Nawasifu kwa kutofanya hivyo.

Usianze nayo, lakini. Tazama kwanza sehemu kadhaa za msimu wa tatu hadi wa sita, umpende Homer, ndipo Grimes atakapokukera kabla hujagundua kwamba uko upande usio na haki.