Kiwanja kilichokuwa gereji: nipande mchicha?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nimenunua kiwanja kilichokuwa gereji kwa miaka mingi. Udongo mweusi, unanuka oili chafu, hata magugu hayaoti. Jirani ananiambia nipande alizeti, eti itanyonya sumu yote, halafu nilime mchicha wa kula na wanangu. Ni kweli? – Mama Zuhura, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Mchicha usubiri. Na kabla hujanunua mbegu za alizeti, waulize wenyeji wa mtaa huo jambo moja: pale gereji walikuwa wakipasua betri? Nauliza kwa sababu oili inaliwa, lakini risasi, ile metali yenye sumu iliyo ndani ya betri za gari, hailiwi.

Wanaoila oili ni bakteria, na wengi wao wamo tayari kwenye udongo wako. Kinachowakwamisha ni kwamba oili ina kaboni tele lakini haiwapi naitrojeni wala fosforasi, na ardhi iliyoshindiliwa na magari haina hewa. Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta ghafi Alaska, baadhi ya fukwe zilitiwa mbolea ili bakteria wa palepale wachape kazi. Wewe una samadi.

Nyuma ya gereji ya marehemu mjomba wangu, ukidondosha tone la maji lilikaa juu ya udongo kama ushanga, halizami. Tulichimba ule mweusi kina cha shubiri mbili, tukaulundika juu ya turubai, tukachanganya na samadi iliyooza na maranda kidogo ili hewa ipite. Kila wiki tuligeuza kwa koleo na kunyunyiza maji, udongo uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Tulifunika pia, mvua isije ikapeleka mafuta kisimani. Mwezi wa tatu harufu ilikuwa imefifia na tone likazama. Mwezi wa saba ukoka ukaota wenyewe pembeni ya lundo. Nilipiga magoti nikaugusa, kwa furaha.

Hata hivyo hatukupanda mboga pale. Oili ya injini ina mabaki mazito ambayo bakteria huyatafuna polepole mno, na jicho haliyaoni. Sabuni ya unga usimwage kabisa. Itaisukuma oili chini zaidi.

Sasa alizeti. Risasi hung'ang'ania udongo, mizizi huambulia kidogo sana. Hicho kidogo nacho hakipotei, kinakaa kwenye mizizi, majani na bua, na mbuzi akila mmejirudishia wenyewe. Hata kama hawakupasua betri, kumbuka petroli yetu ilitiwa risasi hadi miaka ya 2000. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Ndiyo maana nakusihi.

Chukua udongo sehemu tano au sita za kiwanja, uchanganye, upeleke maabara, na uombe wapime mafuta na risasi, si rutuba tu. Mchicha wa wanao uoteshe kwa sasa kwenye viroba, kwa udongo wa kutoka kwingine. Wasichezee lile lundo, wanawe mikono kabla ya kula, na viatu viishie mlangoni. Majibu yakitoka niandikie kiwango cha risasi, tukiangalie pamoja.