Mpeni gambuti, kisha msemeeni

Dada wa Butere, umeuliza chama chenu kimshukuru vipi mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka boma kwa boma kupima presha na kuangalia watoto. Kwanza mwulizeni anachohitaji. Kwa mvua hii na matope ya huko, nadhani atasema gambuti na koti la mvua, si leso nyingine. Lakini zawadi pekee haitoshi! Posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Ikichelewa, nauli inatoka mfukoni mwake. Mwombeni chifu nafasi barazani, mmshukuru kwa jina mbele ya mwakilishi wadi, kisha mumwulize mheshimiwa huyo posho inalipwa lini. Na mhudumu akiwatuma zahanati, nendeni siku hiyo hiyo.