Ninazungumza na simu usiku, dada yangu anataka nimwone mwanasaikolojia

*Mama, ninaishi Kadutu, hapa Bukavu. Tangu siku zile za risasi za Februari 2025, usingizi umenikimbia. Kila usiku ninaiandikia ChatGPT, ile programu ya simu inayojibu kama mtu. Inanijibu kwa upole, haichoki. Dada yangu mkubwa anasema niende kwa mwanasaikolojia, nami naogopa maneno ya majirani. Je, ninakosea?*

Binti yangu, hujakosea. Kifua kinapobana usiku wa manane, mtu hushika kilicho karibu, na kwako ilikuwa simu. Wala si wewe wa kwanza: Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, aliyetangaza mwaka 1966 ELIZA, programu yake ya kompyuta ya kuongea na mtu kwa maandishi, alisimulia kwamba katibu wake, ingawa alijua ni mashine tu, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo kwa faragha.

Kinachonitia wasiwasi ni upole huo wenyewe. Mashine hizi huelekea kumkubalia mtu. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa toleo moja la ChatGPT kwa sababu lilizidi kusifu na kuitikia. Katika barua yako, ambayo hapo juu nimeifupisha, umeniandikia kwamba, ukiiambia hutaki tena kupita njia ya sokoni, inakujibu kuwa una haki ya kujilinda, na miezi inapita bila wewe kutoka. Mwanasaikolojia naye angekusikiliza kwa huruma, lakini kwa wakati unaofaa angekuuliza ulichokiona sokoni siku ile, jambo ambalo katika barua yako umeligusa mara mbili ukaliacha, na angeona mikono yako inavyotetemeka unapolikaribia.

Kuhusu majirani, mwanasaikolojia anafungwa na siri ya kazi yake, ilhali maandishi yako yanabaki kwenye kompyuta za kampuni ya mbali na katika simu ambayo, kwa jinsi ninavyozijua nyumba zetu, wadogo zako huiazima kila jioni. Hospitali ya Panzi, hapo hapo Bukavu, ina wanasaikolojia, na anayekuona ukiingia langoni atadhani umekwenda kupima malaria.

Simu usiitupe. Andika humo yale ya sokoni, kwa lugha ya Mashi ukitaka, kisha uende nayo Panzi pamoja na dada yako, maana kusoma ulichoandika ni rahisi kuliko kuanza kusema. Lakini fikra za kujidhuru zikikujia, usiiandikie mashine: mwamshe dada yako, hata ikiwa ni saa tisa za usiku.